JOGOO MZITO, LAKINI UZITO WA NINI?

Ndugu mkulima, uchaguapo jogoo wa mbegu humwinua mikononi ukamtwaa aliye mzito kupita wenzake. Je, uzito ule ni nyama au ni mafuta?

Wengi hulaumu mahindi. Chakula kina neno lake, kweli, lakini mafuta nayo hurithiwa. Huko Ufaransa, tangu miaka ya 1970, wataalamu walifuga koo mbili za kuku, moja ikichaguliwa kwa mafuta mengi ya tumboni, nyingine kwa machache. Baada ya vizazi vichache kuku hao walilingana uzito, na chakula walikula karibu sawasawa. Ila ukoo wa kwanza ulikuwa na mafuta ya tumboni mara kadhaa kuliko wa pili. Mafuta ya kuku hutengenezwa hasa katika ini, na bidii ya ini hilo hutoka kwa baba na mama.

Basi jogoo wako usimpasue! Chinja ndugu zake wawili watatu, wa rika moja na waliokula pamoja, utazame mafuta yaliyozunguka firigisi. Yakiwa mengi (mchuzi wake mtamu, sikatai), jogoo huyo mpeleke sokoni, usimwachie majike. Na vifaranga wa mama mmoja wafunge uzi wa rangi moja mguuni, uulegeze wakuapo, wasije wakachanganyika.