Je, Wajua? Vichezeo Vilivyotangulia Hadithi Yao

Je, wajua kwamba mfululizo wa katuni wa The Transformers, ulioanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1984, ulitungwa baada ya vichezeo vyake kuwapo tayari madukani Japani? Kampuni ya Takara iliuza huko roboti za maumbo mawili, yaani zinazokunjwa zikawa magari, kabla ya Hasbro ya Marekani kupata haki ya kuziuza na kuwaagiza waandishi wa Marvel Comics wazipe majina, tabia na uhasama. Katika filamu ya mfululizo huo ya mwaka 1986, Optimus Prime, kiongozi wa roboti wema, aliuawa ili kupisha vichezeo vipya, jambo lililowahuzunisha watoto hata akafufuliwa mwaka 1987. Mzazi na atambue, basi, kuwa katuni ya aina hii ni hadithi na tangazo la biashara kwa pamoja.