Samaki Niliyemnunua: Utangulizi wa Vishazi Rejeshi vya Kiingereza

Somo hili wengi hulikimbia kwa sababu ya jina lake, ilhali jambo lenyewe umekuwa ukilifanya tangu ulipoanza kusema. Mnunuzi anayesimama Mwaloni pale Kirumba na kusema "nataka dagaa waliokauka vizuri" ametumia kishazi rejeshi bila kosa, hata kama hajawahi kukaa darasani. Kazi huanza pale anapotakiwa kusema jambo hilohilo kwa Kiingereza. Mtoto wa Mwanza aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukutana na kazi hiyo ghafla anapoingia kidato cha kwanza, ambako masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Kama wewe ni huyo mtoto, au ni mzazi wake, au ni mtu mzima uliyeamua kurudi kwenye sarufi, nimekuandikia wewe.

Tuanzie chini kabisa. Nomino ni jina la mtu, kitu, mahali au wazo. Kishazi ni fungu la maneno, na wakati mwingine neno moja tu, lenye kitenzi na lililo ndani ya sentensi kubwa zaidi. Kishazi kinapoambatana na nomino na kutuambia ni ipi hasa, tunakiita kishazi rejeshi, maana kinaturejesha kwenye nomino hiyo. Chukua sentensi hii: "Mtumbwi uliozama ulikuwa wa babu." Nomino ni mtumbwi, kishazi rejeshi ni "uliozama". Kiondoe, na sentensi itabaki imesimama: "Mtumbwi ulikuwa wa babu." Kilichopotea ni jibu la swali "mtumbwi upi?"

Sasa tulifungue neno "uliozama". U- ya mwanzo ni ya mtumbwi, -li- inaonyesha wakati uliopita, na -o- ndiyo kirejeshi, yaani kipande kinachofanya kazi ya kurejesha. Kipande hicho hubadilika kufuata ngeli, ambayo ni kundi la nomino zenye upatanisho mmoja: kitabu kilichopotea, ziwa lililochafuka, nyavu zilizokatika, mvuvi aliyerudi. E. O. Ashton, ambaye sarufi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1944, aliipa -o- hii nafasi kubwa na kuiita O ya rejea. Naona alifanya vyema, kwa sababu anayeielewa herufi hiyo moja hapotei tena katika vitenzi virefu vya Kiswahili. Ipo pia njia ya amba-: "mtumbwi ambao ulizama". Hapo kirejeshi kimetoka ndani ya kitenzi na kusimama kama neno kamili. Ishike njia hii, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu zaidi na Kiingereza.

Katika Kiingereza kirejeshi husimama peke yake karibu kila mara. Kwa watu ni "who", kwa vitu na wanyama ni "which", na "that" hutumika kwa wote pale kishazi kinapotuchagulia mmoja kati ya wengi. Hakuna ngeli za kukariri. "The canoe which sank", "the nets which broke": neno ni lilelile, iwe umoja au wingi.

Utaniuliza: kama ni rahisi hivyo, mbona daftari hurudi limejaa wino mwekundu? Tazama maneno "samaki niliyemnunua". Ndani ya kitenzi hicho mna -ye-, ambayo ni kirejeshi, na mna -m-, ambayo inamtaja yambwa, yaani yule anayetendewa. Samaki mmoja katajwa mara mbili, na Kiswahili kinaridhia kabisa. Mwanafunzi huvusha vyote viwili na kuandika "the fish which I bought it". Kiingereza hakikubali, kwa sababu "which" imeshakalia nafasi ya samaki na "it" haina pa kukaa. Sahihi ni "the fish which I bought". Hivyohivyo, a- ya "aliyekuja" huwafanya wengi waandike "the fisherman who he came", badala ya "the fisherman who came". Na "rafiki niliyesafiri naye" huwa "the friend who I travelled with": ile "with" inaachwa mwishoni peke yake, bila "him". Sikio la Kiswahili huiona sentensi hiyo kama imekatika, lakini imekamilika.

Wapo walimu wanaoyaita makosa haya uvivu. Sikubaliani nao. Mtoto anayeandika "which I bought it" anafuata kanuni kwa uaminifu, ila ni kanuni ya lugha nyingine. Mwonyeshe ile -m- katika "niliyemnunua", naye ataelewa "it" yake ilitoka wapi.

Njia ya kujikagua ni kuivunja sentensi ziwe mbili. "I bought the fish" ukiitamka upya kwa kiwakilishi, yaani neno linaloshika nafasi ya nomino, ni "I bought it". Kirejeshi kinapoingia, hiyo "it" hutoka. Ukishazoea, utagundua kwamba Kiingereza kinaweza hata kukiacha kirejeshi chenyewe ikiwa ni yambwa: "the fish I bought". Lakini kikiwa ni mtenda hakiachwi. Huwezi kusema "the canoe sank was my grandfather's".

Umiliki una neno lake, "whose". Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, na tafsiri ya Kiswahili aliyoifanya mwenyewe ikachapishwa mwaka 1980. Tunaweza kuandika: "Kitereza, whose novel waited thirty-five years, died in 1981." Kiswahili kingesema "ambaye riwaya yake", lakini "whose" imemeza vyote viwili, kwa hiyo usiongeze "his".

Umeona koma mbili katika sentensi hiyo? Hapo ndipo penye ugumu wa mwisho, na mimi hapo ndipo ninapopapenda zaidi. Linganisha: "The fishermen who use beach seines were arrested" na "The fishermen, who use beach seines, were arrested." Ya kwanza inasema waliokamatwa ni wale tu wanaotumia makokoro, nyavu za kukokota ambazo sheria imezipiga marufuku. Ya pili inasema wavuvi wote wanaozungumziwa wanatumia makokoro, na wote wamekamatwa. Kishazi cha kwanza kinabainisha; cha pili kinaongeza maelezo tu juu ya watu tunaowajua tayari. Ndiyo maana "Lake Victoria, which touches three countries" lazima ipate koma: Ziwa Victoria ni moja, hakuna la kulichagua kati ya mengine. Na baada ya koma ya namna hii, "that" haitumiki.

Kabla hujaendelea na sura zinazofuata, chukua habari yoyote ya gazeti la Kiswahili, utafute vitenzi vyenye virejeshi, uvigeuze kuwa Kiingereza. Kila "it", "he" na "him" utakayoiandika ndani ya kishazi rejeshi, iulize inamtaja nani. Ikiwa inamtaja yuleyule anayetajwa na kirejeshi, ifute.