Zumari Likikwaruza, Mpigaji Asilaumiwe

Msomaji, ukimsikia mtu akisema kwamba zumari la Kidigo haliingii katika mashine, usimwamini upesi. Hapa kwetu Mkongani, kando ya msitu wa Shimba Hills, neno hilo nimelisikia mara nyingi. Vijana hunasa sengenya nyumbani kwa simu au kompyuta, kisha wakifungulia hupata mkwaruzo mtupu. Chapuo limegeuka bati, zumari limekuwa msumeno, na mzee wa watu anaambiwa kapuliza kwa nguvu mno. Kosa si lake. Kosa limo ndani ya kidude chenye ukubwa wa punje ya hindi.

Kidude hicho ndicho moyo wa maikrofoni nyingi za bei nafuu, tangu ile ya kubana kifuani hadi BM-800, ile ndefu inayojifanya ya studio. (Ifungue kwa bisibisi utacheka: mwili wa kishujaa, ndani mna ndugu yake yule yule mdogo, amenenepa kidogo tu.) Kilivumbuliwa mwaka 1962 na James West na Gerhard Sessler katika maabara ya Bell, Marekani. Ndani mna utando mwembamba uliotiwa chaji ya umeme inayodumu miaka mingi, na nyuma yake transista ndogo. Sauti hutikisa utando, transista hukuza mtikisiko huo.

Taabu iko kwa hiyo transista. Simu huipa umeme wa volti chache mno. Kwa mazungumzo zatosha. Kwa zumari lililoelekezwa usoni pake, hazitoshi hata kidogo. Vilele vya wimbi la sauti hukatwa kama nyasi kwa fyekeo, na kilichokatwa hapo hakuna programu ya kusafisha sauti inayoweza kukirudisha kama kilivyokuwa. Ndiyo maana nasema shughuli hii ianzie kwenye maiki, si kwenye kompyuta.

Dawa ya kwanza ni betri ya volti 9 pamoja na rezista na kapasita moja moja, vitu ambavyo fundi redio yeyote anavyo katika kopo lake. Dawa ya pili ni ya mikono mitulivu, nayo huitwa kwa jina la Siegfried Linkwitz, mhandisi aliyeieneza. Geuza kidude, utaona nukta mbili za risasi. Moja imeunganishwa na ganda la chuma kwa vijistari vyembamba. Vikate kwa wembe, kisha ulehemu waya mwembamba kwenye ganda lenyewe. Sasa kidude kina miguu mitatu badala ya miwili. Ule wa umeme huenda kwenye betri, ganda huenda chini, na ule uliokatwa hushuka chini kwa kupitia rezista. Sauti huchukuliwa hapo juu ya rezista. Itatoka ndogo kuliko mwanzo, lakini itastahimili kishindo kikubwa zaidi, na ngoma haina upungufu wa kishindo. Pasi ya kulehemu iguse sekunde 2 tu, maana joto huiua ile chaji ya utando. Vidude vingine vijistari vyake vimefichwa chini. Hivyo viache, tumia betri peke yake na usogeze maiki mita 2 au 3 nyuma.

Wako watakaosema kazi hii ni ya wenye studio. Mimi sikubali. Katika enzi ya kaseti, miaka ya 1970 na 1980, taarabu ya Mombasa ilisambazwa na maduka kama Mbwana Radio Service, na jina hilo peke yake laonyesha jinsi ufundi wa redio na biashara ya muziki vilivyokaa chumba kimoja. Zile kaseti ndizo zilizowafundisha wengi wetu kusikiliza. Mtoto wa leo naye atalijua zumari kwa kile atakachokisikia katika simu. Akisikia msumeno, ataamini babu yake alipiga msumeno.

Maiki za mkononi, zile za koili na sumaku zinazotumiwa harusini, hazina ugonjwa huu. Zake ni waya kukatika karibu na plagi kwa kuvutwa, na sponji ya ndani kuoza kwa mate. Kata sentimita chache, lehemu upya. Sponji ifue kwa sabuni, ianike kivulini.

Chumba nacho kichaguliwe. Nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti huishinda ya mabati, hasa mvua ikinyesha. Ukiwa na mabati tu, tundika leso na magodoro ukutani. Kazi ikiisha, funga maiki katika kopo lenye mchele mkavu; unyevu wa huku, na chumvi kwa wenzetu wa Diani na Msambweni, hula risasi kimya kimya.

Na mpiga zumari aitwe mwisho, waya zote zikishajaribiwa kwa chapuo, asije akamaliza pumzi yake nzuri katika majaribio.