Panya Shamba: Mbeba Maradhi Asiyeugua

Mkulima wa mahindi wa Dumila, wilayani Kilosa, akikuta mbegu zimefukuliwa usiku hutamani maradhi yawamalize panya. Matumaini hayo hayana msingi. Panya shamba walionaswa Morogoro mwaka 2004 walikutwa na kirusi kilichopewa jina la mji huo. Hakijulikani kumdhuru binadamu, wala hakiwaangamizi panya. Jike mmoja huweza kuzaa watoto zaidi ya 10 kwa mkupuo, hivyo wanaokufa hufidiwa upesi.

Anayeugua ni binadamu. Bakteria wa homa ya mgunda hukaa katika figo za panya bila kumdhoofisha, hutoka kwa mkojo, na humwingia mtu kupitia michubuko anapokanyaga maji au tope. Mwaka 2022 homa hiyo iliua watu 3 mkoani Lindi.

Kwa hiyo, mgonjwa mwenye homa, maumivu ya misuli na macho mekundu, ambaye kipimo hakikuonesha malaria, aulizwe pia habari za shamba na ghala lake. Antibaiotiki hufaa zaidi zikianza mapema. Mkulima naye avae buti, afunike vidonda na ahifadhi nafaka mahali panya hawapenyi. Asingoje wafe wenyewe.