Kufundisha Maisha ya Mwalimu Nyerere Katika Shule za Msingi za Mpanda

Mwanachuo aendaye kwenye mazoezi ya kufundisha hana budi kukumbuka kwamba mtoto aweza kukariri tarehe zote za maisha ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere na bado asimfahamu. Mara nyingi tumesikia darasa likiitikia kwa sauti moja, "Tarehe 9 Desemba 1961!" Lakini likiulizwa kwa nini Waziri Mkuu aliyeiongoza nchi kupata uhuru alikiacha cheo hicho baada ya majuma sita tu, hunyamaza. Kipindi chetu chafaa kilijibu swali hilo.

Tuanze na lililo karibu. Watoto wa Mpanda waijua reli ipitayo Kaliua hadi Tabora. Tuichore ubaoni, kisha tuwaeleze kwamba kijana aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 alisoma sekondari Tabora kuanzia mwaka 1937, na baada ya masomo ya Makerere alirudi mjini humo kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria. Kwa njia hii watoto watamwona kuwa mtu aliyeishi mahali wanapoweza kufika kwa treni.

Hatua ya pili ni kuyapanga maisha yake kwa maamuzi. Tuandike ubaoni matatu:

1. Mwaka 1955, akiwa mwalimu Pugu na Rais wa TANU, alitakiwa achague kati ya ualimu na siasa. Akaacha kazi na mshahara wake.

2. Tarehe 22 Januari 1962 alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Mfaume Kawawa, ili akijenge chama na kuwaeleza wananchi kazi iliyofuata baada ya uhuru. Desemba mwaka huo alirudi serikalini akiwa Rais wa Jamhuri.

3. Mwaka 1985 aling'atuka urais kwa hiari yake.

Kwa kila uamuzi, vikundi vidogo vijadili: Aliacha nini? Alitaka kupata nini? Ni nani angeweza kumpinga, na kwa sababu gani? Mwalimu atoe maelezo yake baada ya wanafunzi kusema.

Hatua ya tatu ni kuwatumia wazee. Wanafunzi wa madarasa ya juu wawaulize habari za kuhamia vijijini katika miaka ya 1970. Huenda mmoja akasifu shule na zahanati, na mwingine akasimulia jinsi watu walivyohamishwa kwa nguvu wakaacha mashamba. Yote mawili yaandikwe, kwani kiongozi anayesifiwa tu hafundishiki.

Katika makazi ya Katumba, yaliyoanzishwa mwaka 1973 kwa wakimbizi wa Burundi, mtoto aweza kuleta habari ya babu aliyepokewa na serikali ya Mwalimu Nyerere. Habari hiyo nayo ni sehemu ya historia ya Taifa. Wakazi wengi wa huko wamepewa uraia tangu mwaka 2010, na mtoto wao asijione mgeni darasani.

Mwisho, katika kupima somo tusiulize tarehe peke yake. Wanafunzi waandike sentensi tano: "Ungekuwa wewe, Januari 1962 ungebaki au ungeondoka? Toa sababu." Tusahihishe kwa kuangalia sababu, hata kama jibu lenyewe halilingani na letu.