Mzee Anapokataa Uji

Mara nyingi wodini jamaa humlazimisha mzee aliye mahututi kunywa uji, wakihofu atakufa kwa njaa. Mwili unaokaribia mwisho hauhitaji tena chakula kingi. Asiyeweza kumeza akilazimishwa, uji huweza kuingia mapafuni na kumletea nimonia.

Mpanguseni midomo kwa pamba safi iliyoloweshwa maji na kukamuliwa. Mgeuzeni kila baada ya saa 2, asipate vidonda vya mgongoni. Akiumwa, mwambieni muuguzi. Mofini ikitolewa kwa kipimo sahihi hutuliza maumivu, haimwui mgonjwa.

Mwiteni padre mapema kwa Mpako wa Wagonjwa, angali anaweza kuungama. Kisha keti, mshike mkono, sema naye. Hata akinyamaza, huenda anasikia.