Ukibadilisha Soketi, Volti Hazibadiliki

"Fundi, nibadilishie soketi tu, sanduku lenyewe ni zima."

Ukilisikia ombi hilo, utaliona dogo. Sanduku limetoka Marekani ndani ya kontena, limebanwa kati ya magodoro na baiskeli za watoto. Lina mpini juu na skrini ndogo mbele, na ndani yake mna betri ya lithiamu na inveta yenye nguvu ya kuendesha friji umeme unapokatika. Kasoro inayoonekana ni moja: usoni pana matundu mawili bapa yaliyosimama wima na la tatu la mviringo chini yake, ilhali friji ya nyumbani ina plagi ya pini tatu nene za mstatili. Soketi ya kwetu ni bei ndogo dukani. Kwa nini ile ya kigeni isikatwe, ikafungwa hii?

Kufungwa itafungwa. Fundi mwenye drili na subira ataimaliza kabla ya adhuhuri, na sanduku litapendeza. Friji ndiyo itakayogoma. Kazi ya namna hii ni kama kufunga bomba jipya kwenye kisima cha maji ya chumvi: maji yatatoka kwa urahisi zaidi, na chumvi yake iko pale pale. Sanduku lililotengenezwa kwa soko la Marekani hutoa volti 120 kwa hezi 60. Friji ya Tanzania inataka volti 230, ya Kenya na Uganda 240, zote kwa hezi 50.

Tofauti hiyo ina umri mkubwa. Thomas Edison alipowasha kituo chake cha Pearl Street mjini New York mwaka 1882, aliuza umeme wa volti takriban 110, kiasi kilichozifaa taa za wakati ule. Marekani ikajijenga juu ya msingi huo. Ulaya, iliyoendelea kutandaza nyaya zake baadaye kidogo, ikaona faida ya kwenda karibu maradufu: volti zikiongezeka mara mbili, ampea za kubeba nguvu ileile hupungua nusu, na joto linalopotelea kwenye waya hushuka hadi robo. Shaba nyembamba ikatosha. Waingereza walipoeneza umeme Afrika Mashariki walileta volti zao, na hatimaye plagi zao.

Ndani ya sanduku, umeme hupitia hatua ambazo soketi haina habari nazo. Betri hutoa umeme wa mkondo mnyoofu, ambao mafundi huuita DC, mara nyingi wa volti 12 hadi 51 kutegemea idadi ya seli zilizounganishwa. Saketi ya kwanza huupandisha. Ya pili huukatakata kwa swichi za kielektroniki maelfu ya mara kwa sekunde na kuugeuza kuwa mawimbi ya kupanda na kushuka, kama yale ya umeme wa gridi. Jambo la kukumbuka hapa ni kwamba volti 120 ni kipimo cha wastani maalumu; kilele cha wimbi lenyewe hufika volti 170. Wimbi la volti 230 hufika 325. Mtengenezaji wa sanduku la Kimarekani huchagua kapasita na transista za kuhimili kilele cha 170 na akiba kidogo juu yake. Hana sababu ya kulipia vipuri vya volti 450 ambavyo mteja wake wa Texas hatavihitaji. Ndiyo maana hakuna kitufe cha siri wala programu ya kupakua itakayoligeuza kuwa la volti 230. Masanduku mengi yanakuruhusu kuchagua hezi 50 au 60 kwenye skrini, kwa sababu hilo ni suala la kasi ya kuzikata na kuziwasha swichi tu. Volti ni suala la nyama na mifupa ya saketi.

Sasa tuseme soketi imeshabadilishwa na mtu amechomeka vitu vyake. Birika la wati 2,000 likipewa volti 120 badala ya 230 halitoi nusu ya nguvu yake. Hutoa robo na ushee, takriban wati 545, kwa sababu nguvu hushuka kwa mraba wa volti. Chai itachelewa sana, lakini hakuna kitakachoharibika. Friji ni jambo jingine. Mota ya kompresa yake huhitaji msukumo mkubwa ili ianze kuzunguka, na kwa volti 120 haiupati. Hukwama ikinguruma, waya wake wa shaba unapata moto, kinga ya joto inakata, inapoa, inajaribu tena. Ikiachwa hivyo usiku kucha, mwenye friji atatafuta kompresa nyingine.

Hapo ndipo ninapoliona kosa la kweli la kubadilisha soketi. Umbo la soketi ni taarifa. Matundu bapa ya Kimarekani yanamwambia kila mtu, hata mgeni au mtoto aliyetumwa kuchaji simu, kwamba kuna umeme usio wa kawaida hapa. Ukiyaondoa na kuweka matundu ya kwetu, sanduku linadanganya. Wewe unajua, shemeji yako anayekuja wikendi hajui.

Na pengine kazi yote hiyo haikuhitajika. Geuza chaja ya kompyuta ya mapajani usome maandishi madogo: karibu zote zimeandikwa 100–240V, 50/60Hz. Chaja za simu vilevile, na televisheni nyingi za kisasa. Vifaa hivi hunyoosha umeme kwanza kisha huutengeneza upya, kwa hiyo volti 120 za Marekani na 230 za Mbeya kwao ni mamoja. Vinachohitaji ni kipande cha adapta cha kubadilisha umbo la pini, basi. Ruta ya intaneti mara nyingi hutumia volti 12 za DC, na sanduku lina tundu la volti 12 kama la kwenye gari. Ukipata kebo inayofaa, huhitaji hata kuiwasha inveta, ambayo hula chaji kimyakimya kila dakika inapokuwa hewani. Taa za LED za volti 12 nazo ni hivyohivyo. Milango ya USB haijui mipaka ya nchi.

Hatari kubwa imejificha upande wa pili wa sanduku, na wengi hawaitazami kwa sababu haina sura ya kigeni. Ni tundu la kuchajia. Katika masanduku mengi tundu hilo ni lile lile la nyuma ya kompyuta ya mezani: mstatili uliokatwa pembe mbili, wenye vipini vitatu bapa ndani. Umbo lake limekubaliwa dunia nzima. Kebo ya kompyuta iliyomo kwenye kila ofisi ya Arusha itaingia humo bila kipingamizi na kupeleka volti 230 mahali palipoandikwa 100–120V. Masanduku mengine yana saketi ya kuchaji inayomudu hadi volti 240, na hayo hayana shida. Lakini siku hizi watengenezaji wengi, kwa kupunguza gharama na kuharakisha chaji, hutumia inveta moja kwa njia mbili: ile ile inayotoa umeme ndiyo inayoupokea. Saketi ya kutoa volti 120 haipokei 230. Bahati ikiwapo, kinga itakata na skrini itaonyesha alama ya hitilafu. Isipokuwapo, utasikia mlio na kunusa harufu.

Ekstensheni za Kimarekani zenye kinga dhidi ya umeme kupanda ghafla zina mtego wa aina hiyo. Ndani yake mna kipande kidogo cha kauri kinacholala umeme ukiwa wa kawaida na kuamka volti zikizidi, ili kizimeze. Kwa volti 230 hakilali kabisa. Kinameza mfululizo hadi kishike moto. Kama ekstensheni hiyo imekuja pamoja na sanduku, itumike na sanduku peke yake, wala isikaribie ukuta.

Mtu anayetaka kwa vyovyote kuendesha friji yake kwa sanduku la Marekani ana njia ya transfoma, ya kupandisha volti 120 hadi 230. Fizikia inakubali, mkoba na mgongo hulalamika. Transfoma ya kumudu friji ni pande zito la chuma na shaba. Kwa kuwa friji inataka hezi 50, lazima transfoma nayo iwe imetengenezwa kwa hezi 50, kwani ile ya hezi 60 pekee ikiendeshwa kwa hezi 50 sumaku ndani ya chuma chake huzidi kwa asilimia 20, chuma kinashiba na joto linapanda. Tena kuna mvuto wa ghafla inapowashwa, ambao unaweza kuifanya inveta idhani pana shoti na kujizima kabla friji haijanguruma. Mimi ningeliacha sanduku la Marekani libaki la Kimarekani, lichajiwe kwa sola, lihudumie taa, intaneti, simu na kompyuta, na friji itafutiwe sanduku lake.

Hayo yote ni ya Marekani, na ya Japani pia, ambako volti ni 100 na nchi yenyewe imegawanyika: upande wa Tokyo hutumia hezi 50 na wa Osaka 60, kwa sababu mwishoni mwa karne ya 19 mmoja ulinunua jenereta za Kijerumani na mwingine za Kimarekani. Sanduku la Ujerumani au la China ni habari tofauti. Ujerumani ni volti 230, China 220, zote hezi 50, na vyombo vyetu havitaona tofauti yoyote ya maana. La Muscat au Dubai halihitaji chochote, kwani hata soketi ni za pini tatu za mstatili kama zetu. Saudia inachekesha kidogo: soketi kama yetu, volti 230, lakini hezi 60.

Kwa sanduku la Ujerumani au China, basi, kubadilisha soketi kuna mantiki. Hata hivyo sishauri kulifungua. Betri haina swichi ya kuizima kabisa. Bisibisi ikigusa ncha zake mbili, mamia ya ampea hupita na chuma kinayeyuka mkononi. Kapasita nazo hubaki na chaji baada ya kila kitu kuzimwa. Isitoshe, soketi yetu ni nene kwa ndani na huenda ikaziba njia ya hewa ya feni. Njia safi ni kutengeneza kebo fupi nje: plagi ya umbo la sanduku upande mmoja, ekstensheni nzuri ya pini tatu upande wa pili. Chagua yenye fyuzi, maana soketi ya Kijerumani inaruhusu ampea 16 na plagi zetu zimeundwa kwa 13.

Fyuzi hiyo ndani ya plagi, pamoja na pini ya ethi iliyo ndefu kuliko wenzake, ni urithi wa Uingereza ya vita. Kamati iliyoitishwa mwaka 1942 ilipanga jinsi nyumba zitakavyofungwa umeme vita vikiisha, shaba ikiwa adimu. Mwanamke pekee ndani yake, Caroline Haslett, alisisitiza usalama wa watoto, na kiwango kilichotoka mwaka 1947 kikaja na vifuniko ndani ya soketi vinavyofunguka pale tu pini ndefu inapoingia kwanza. Sisi tunavifungua kwa kalamu au kijiti, ili plagi ya pini mbili za mviringo ipenye. Sidhani kama kamati iliwaza hilo.

Ethi ya sanduku nayo inahitaji neno. Nyumbani, nyutro imeunganishwa na ardhi, na ndiyo maana kifaa cha kukata umeme wa kuvuja hufanya kazi mtu anapopigwa shoti. Sanduku la kubebeka kwa kawaida halijaunganisha waya wake wowote na ardhi. Mtu akigusa waya mmoja huenda asihisi kitu, jambo ambalo ni kinga fulani. Lakini kifaa cha kukata hakitatambua hitilafu ya kwanza, na ya pili inaweza kuwa mbaya. Sababu hiyo peke yake inatosha kumkataza mtu kulichomeka kwenye nyaya za nyumba kwa kebo yenye pini pande zote mbili. Tena pini zilizo wazi za kebo hiyo zina umeme, na umeme huo unaweza kurudi hadi kwenye nguzo alipo fundi wa shirika la umeme. Kulifunga nyumbani ni kazi ya swichi ya kubadilishia na fundi mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya.

Anayeagiza kwa ndugu aliye ng'ambo aombe picha ya kibandiko cha chini ya sanduku kabla hela haijatoka, kwa sababu kulirudisha si rahisi: mashirika ya ndege hayaruhusu abiria kubeba betri inayozidi wati-saa 160, na sanduku la kawaida lina 1,000 au zaidi, kwa hiyo husafiri kwa meli kama mzigo wa hatari. Asome volti za kutoa, volti za kuchajia, na mstari wa tatu ambao wengi huuruka, wa sola. Ukisema mwisho ni volti 60, paneli moja kubwa ya sola, yenye volti karibu 50 isipobebeshwa mzigo, inaingia vizuri. Mbili zikiungwa kwa kufuatana ni volti 100, na saketi ya sola inakwenda. Ziungwe sambamba, na pabakizwe nafasi kidogo chini ya kikomo, kwa sababu volti za paneli hupanda kwenye baridi. Asubuhi ya Julai huko Njombe hutoa nyingi kuliko adhuhuri ya Dodoma.